Programu ya bure nayo inataka palizi

MASIKA ya mwaka 2024, chama kimoja cha msingi cha ushirika jirani na Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, kilinunua simu mpya nne. Zilikuwa za kazi ya makarani: kupita mashambani, kuhesabu mikorosho ya kila mwanachama na kuandika mahitaji ya salfa kabla msimu wa kupulizia haujaanza.

Karani akaiunganisha simu ya kwanza na kompyuta ya ofisi, akataka kuiwekea programu ambayo chama kilikuwa kikiitumia tangu mwaka 2016. Simu ikakataa. Akajaribu ya pili, ikakataa. Ya tatu na ya nne vilevile. Maneno kwenye kioo yalisema programu ile ni ya zamani mno kwa simu hiyo.

Nikatafutwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewapelekea programu yenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro na shahada ya uchumi kilimo, nikaajiriwa na mradi mmoja ambao sitautaja, maana ulishafungwa na waliokuwamo wengi ni marafiki zangu. Tulihesabu mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo ya wakulima zaidi ya mia nne. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2019 tulikiachia chama vishikwambi kumi na viwili, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka.

Naandika makala haya kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kila ninapokwenda naliona likirudiwa na watu wengine wenye nia njema kama sisi.

Programu haikuwa mbaya hata kidogo. Inaitwa ODK. Ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, kwa kazi ya Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake. Miongoni mwa waliotangulia kuitumia walikuwa watu wa huku kwetu Afrika Mashariki: wahudumu wa afya waliopita nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya, na washauri wa wakulima vijijini Uganda. Kazi yake ni kuliweka dodoso ndani ya simu. Karani anajaza hata mahali pasipo na mtandao, akifika penye mtandao anatuma.

Kwa pwani yetu hilo si jambo dogo. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Kilwa, na siku chache baadaye hitilafu ya nyaya za baharini ikaizorotesha intaneti nchi nzima. Programu inayongoja mtandao ndipo ifanye kazi ingekuwa imelala siku zote hizo.

ODK ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya ndani, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yako wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyachukua, kuyabadili na kuyatumia bila kulipia leseni. Katika maelezo yote hayo, sisi wa mradi tulisikia maneno mawili tu: bila kulipia.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo hata mimi sikulielewa wakati ule. Msimbo peke yake bado si programu, kama vile korosho ghafi bado si ile inayouzwa kwenye paketi. Korosho lazima ipite kiwandani: inakaushwa, inapitishwa kwenye mvuke, inabanguliwa, inamenywa ule ngozi mwembamba, inapangwa kwa madaraja, ndipo inafungwa. Msimbo nao una mstari wake. Kuna zana za kuugeuza uwe lugha ya mashine, kuna vipande vya msimbo wa watu wengine vinavyochukuliwa kwenye maghala ya mtandaoni na kuchanganywa humo, kuna majaribio ya kuona kama kuna kilichoharibika, na mwisho kuna kugongwa muhuri. Nitauita mtambo wa kuundia. Ghala likijaa korosho ghafi na mtambo ukawa umekufa, huna paketi hata moja ya kupeleka dukani.

Mtambo wetu ulikuwa kwenye kompyuta ya mkononi ya kijana mmoja. Wakubwa wa mradi walitaka nembo ya mradi ionekane kwenye kioo, na rangi ya kijani badala ya ile ya asili. Kijana akauchukua msimbo wa ODK, akabadili nembo na rangi, akatuundia programu “yetu”. Maswali yalikuwa ya Kiswahili, lakini kwa hayo hakukuwa na haja ya kuugusa msimbo, maana maswali hukaa kwenye dodoso. Kwa hiyo kwa ajili ya nembo na rangi tu tulijikata kutoka kwenye shina. Tangu siku ile, kila rekebisho lililofanywa na wenye ODK halikutufikia.

Tena zana alizotumia zilikuwa tayari zinazikwa. Mwaka 2015 Google, ambao ndio wenye Android, walitangaza kwamba wangeacha kuihudumia zana ya Eclipse iliyokuwa ikitumiwa kuundia programu za simu, wakawataka watu wahamie kwenye zana mpya. Kijana alizijua za zamani, akatumia za zamani. Simlaumu, kwani alipewa wiki mbili.

Simu mpya nne zilikuwa na Android toleo la 14, lililotoka Oktoba 2023. Toleo hilo linakataa kuwekewa programu yoyote iliyolengwa kwa Android za kabla ya toleo la 6, lile la mwaka 2015. Sababu ni ya usalama. Programu za enzi ile zilipewa ruhusa zote kwa mkupuo, bila mwenye simu kuulizwa moja baada ya nyingine, na wezi wa mtandaoni walikuwa wakijificha kwenye mlango huo. Programu “yetu” ilikuwa ya enzi hiyo.

Msimbo nilikuwa nao kwenye flashi. Nikampelekea rafiki yangu ambaye ni fundi wa programu. Siku ya tatu akanipigia kuniambia kwamba mtambo hauwaki. Baadhi ya vipande vilivyotajwa mle havipatikani tena kule vilikokuwa vikichukuliwa, na kazi nzima inabidi ihamishwe kutoka zana za Eclipse kwenda Gradle, ambayo ndiyo inayotumika siku hizi. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Muhuri unao?”

Kila programu ya Android hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa aliyeiunda. Toleo jipya likija, simu inalinganisha sahihi mbili, na zikitofautiana haikubali jipya likae juu ya la zamani. Ni kama benki na muhuri wa chama: hata mwenyekiti aje mwenyewe na katibu wake, muhuri usipofanana na ule wa kwenye faili fedha hazitoki. Muhuri wetu ulikuwa kwenye kompyuta ya yule kijana. Kompyuta ile iliharibika mwaka 2018, ikauzwa kama skrepa.

Na kumbukumbu zenyewe? Zilikuwa zikitumwa kwenye seva iliyokodiwa na mradi. Kodi ililipwa mpaka mradi ulipofungwa, baada ya hapo seva ikazimwa. Hata kama ingebaki hai, programu ya seva tuliyoitumia, iitwayo Aggregate, wenyewe waliiweka kando wakaandika nyingine, Central, na wakatoa njia ya kuzihamisha kumbukumbu kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Njia hiyo ilikuwa wazi kwa miaka kadhaa. Kwetu hapakuwa na mtu ambaye ni kazi yake kuifuata.

Katika mkutano wa chama mzee mmoja alisimama, akasema kwa upole uliouma kuliko ukali: “Mwanangu, mikorosho yangu mmeihesabu mara mbili. Sasa mnataka ya tatu. Zile hesabu za kwanza mlizipeleka wapi?”

Sikuwa na jibu lililonyooka. Orodha ya pembejeo ya msimu ule iliandikwa kwa kukumbuka. Wapo walioandikiwa mikorosho pungufu, na salfa hupigiwa hesabu kwa idadi ya mikorosho. Mkorosho ukichanua bila salfa na ubwiriunga ukaingia, maua yanakauka palepale mtini. Mkulima wa namna hiyo haoni hitilafu ya kompyuta. Anachoona ni gunia lisilojaa, na mnunuzi wa kangomba anayemsubiri njiani kwa sababu nyumbani fedha zimekwisha kabla ya mnada.

Tulichookoa tulikiokoa kwa bahati. Vile vishikwambi kumi na viwili vilikuwa bado kabatini. Tisa viliwaka. Programu ya zamani ilikuwa ikiacha nakala ya kila dodoso kwenye kumbukumbu ya kifaa, nasi tukazivuta kwa waya moja baada ya nyingine. Wakulima ambao habari zao zilikuwa kwenye vile vitatu visivyowaka tuliwafuata mashambani tukawahesabia upya, tukiomba radhi kila mlango. Na zile simu nne tuliziwekea ODK ya kawaida, yenye nembo ya wenyewe na rangi ya wenyewe. Dodoso la mwaka 2016 likafunguka baada ya kurekebishwa mahali pachache. Kazi hiyo haikufika saa moja. Miaka minane tulikuwa tumeng’ang’ania rangi ya kijani.

Kinachonifanya nisiilaumu programu huria kwa jumla ni kwamba ODK wenyewe walipatwa na msukosuko mkubwa kuliko wetu na hawakuzama. Msimbo wao ulikuwa umehifadhiwa Google Code. Machi 2015 Google walitangaza kulifunga ghala hilo. Agosti wakazuia kuingiza kitu kipya, na Januari 2016 wakalifunga kabisa. Mwaka huohuo wa 2015 Profesa Borriello alifariki dunia. Fikiria chama chako ghala linafungwa na mwenyekiti anafariki ndani ya msimu mmoja.

Wao waliuhamishia msimbo GitHub, mtambo wakaupeleka kwenye zana mpya, wakaweka majaribio yanayojiendesha kila mtu anapogusa msimbo, ili mtambo usitegemee kompyuta ya mtu mmoja. Leo wanaouendesha mradi huo wanapata fedha kwa kuuza huduma ya seva na matunzo, na msimbo umebaki wazi kwa kila mtu. Yaani wao wenyewe wameshajua fedha ziko wapi katika kitu cha bure.

Wazee wa Lindi na Mtwara wanalijua somo hili bila kushika kompyuta. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi yetu ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani, kwa mikopo mikubwa. Lindi, Mtama na Nachingwea kila mahali kilikuwapo kimoja. Mavuno ya taifa yaliyokuwa yamefika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Viwanda vikasimama: ghafi haikutosha, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Vingi vikaishia kuwa maghala. Kununua mtambo lilikuwa jambo la siku ya sherehe na utepe. Kuutunza halikuwa kwenye bajeti ya mtu.

Nchi hii ina mifano ya pande zote mbili katika kompyuta pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia mahesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa fahari yetu. Lakini OpenOffice yenyewe haikusimama: toleo la 2 lilitoka Oktoba 2005, na mwaka 2010 kundi la watengenezaji wake likajitenga na kuanzisha LibreOffice. Tafsiri ya toleo moja haivuki yenyewe kwenda toleo linalofuata. Inahitaji watu, mwaka baada ya mwaka. Leo ni ofisi ngapi za vyama vya msingi zinazoikumbuka Jambo?

Upande wa pili ni zahanati. Taarifa za kila mwezi za vituo vya afya nchini zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo Tanzania iliisambaza nchi nzima mwaka 2013. Nayo imebadilishwa matoleo mara nyingi, imehamishiwa kwenye zana mpya zaidi ya mara moja, na bado inafanya kazi. Tofauti yake na programu yetu ya korosho si ubora wa msimbo. Tofauti ni kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu walioshughulika na mfumo huo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na kuhuisha ni sehemu ya kazi wanayolipwa.

Je, mkulima wa Mitwero afanye nini? Hawezi kuajiri fundi wa programu, na chama chake peke yake hakiwezi.

Tupige hesabu. Chama kinachouza tani 300 kwa msimu, kikitenga shilingi moja kwa kila kilo, kinapata shilingi 300,000. Seva ndogo ya kukodi ukiikadiria dola 10 kwa mwezi, na dola ukaihesabu shilingi 2,500, fedha hizo zote zimekwisha kwa kodi ya mwaka mmoja, fundi hajalipwa. Na najua mkulima akisikia neno makato anainuka kwenye kiti, tena ana haki. Kwa hiyo mimi sipendekezi makato mapya. Napendekeza kazi hii iwe ya chama kikuu. Vyama vya msingi 20 vinavyotumia seva moja vinagawana kodi ileile, na kijana mmoja mwenye stashahada ya kompyuta anaweza kuvihudumia vyote akiwa Lindi mjini. Fedha zitoke kwenye ushuru ambao tayari unakatwa kwa ajili ya uendeshaji. Tunalipia ulinzi wa ghala na hatuulizi kwa nini, na daftari la wanachama ni ghala vilevile.

Suala la wakati nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Makarani wetu kuanzia Oktoba hadi Januari hawana muda wa kujifunza toleo jipya la kitu chochote, na ufuta ukianza kuingia ghalani katikati ya mwaka hawana tena. Nafasi iliyopo ni Februari hadi Aprili. Hapo ndipo toleo jipya liwekwe kwenye simu moja ya chama kimoja, litumike wiki mbili, kasoro zionekane, ndipo wengine wafuate. Na kabla ya kugusa chochote, nakala ya kumbukumbu zote itolewe na ifungiwe mahali pengine, ikiwamo orodha ya wanachama iliyochapwa kwenye karatasi. Mwenye shamba la mikorosho mizee anajua: akitaka kuibebesha aina mpya hakati shamba zima mwaka mmoja.

Kwa miradi inayokuja na vishikwambi nina ombi moja kali. Mwenyekiti wa chama asitie sahihi mpaka aoneshwe kwa maandishi nani atalipia seva mradi ukifungwa, na muhuri wa programu, kama ni ya kuundwa upya, unakabidhiwa kwa nani. Wakisema wanataka nembo yao kwenye kioo, wabandike stika nyuma ya simu. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, simu na mashamba ya wanachama ni taarifa za watu. Seva iliyoachwa bila kuhuishwa ni mlango usio na komeo.

Wenye maduka ya pembejeo na wanunuzi wadogo wasidhani haya ni ya vyama tu. Windows 10, ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi za maduka yetu, Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo ni programu ya kulipia. Kama madeni ya wateja wako yamo humo, toa nakala wiki hii, kabla hujauliza utahamia wapi.

Yapo yanayonishinda kuyajibu. Chama kikuu kikishika kumbukumbu za wote, nani atakikagua? Wapo wakulima wanaoamini daftari likikaa karibu na nyumbani ndilo salama, na kwa yaliyotokea kwetu siwezi kuwacheka. Ndiyo maana nasisitiza nakala mbili, moja wilayani na moja kijijini, hata kama ya kijijini ni ya karatasi.

Chama kile jirani na Mitwero kimenunua daftari gumu la shilingi elfu chache. Karani ameandika humo jina la programu, toleo linalotumika, tarehe kodi ya seva inapokwisha, jina la mtu wa kupigiwa, na bahasha yenye nywila imefungwa kwenye sefu ya ofisi. Chini yake ameandika “Februari: kujaribu toleo jipya, simu moja tu.” Vile vishikwambi vitatu bado viko kabatini. Fundi mmoja wa mjini amesema ataviangalia akipata chaji inayofaa.